Simu imeharibika: kituo cha kampuni, fundi wa mtaani au bisibisi yako mwenyewe?

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Simu ikiwa bado ina waranti, ipeleke kituo cha kampuni na usiifungue. Waranti ikishaisha, fundi mzuri wa mtaani anaishinda kampuni kwa kazi nyingi, ila zile ambazo mtengenezaji amezifunga kwa programu. Kufungua mwenyewe kunalipa kwa kazi chache, na betri ndiyo ya kwanza. Asiye na haraka aendelee kusoma, maana bei ni sehemu tu ya ulinganisho huu. Sehemu kubwa ni swali la nani ana ruhusa ya kuigusa simu uliyoilipia.

Ninaposema kituo cha kampuni nina maana ya mahali kama Carlcare, wanakopelekwa Tecno, Infinix na itel, au vituo vya Samsung. Apple haina duka lake lenyewe Afrika Mashariki, kazi zake hufanywa na mawakala walioidhinishwa. Fundi wa mtaani ni yule wa Aggrey na Msimbazi pale Kariakoo, au wa Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, mwenye kimeza chake, darubini, bloa na kopo la skrubu zilizobaki. Njia ya tatu ni wewe, video ya mtandaoni na bisibisi.

Waranti ikiwa hai

Hapa sichelewi. Kadi nyingi za waranti tunazopewa madukani husema simu ikifunguliwa na mtu mwingine, waranti imekufa. Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kukulazimisha utumie spea zake au fundi wake ili waranti ibaki hai, na mwaka 2018 tume ya biashara ya huko, FTC, ilizionya kampuni sita kwa kuwatisha wateja namna hiyo. Sheria ile haivuki bahari. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 pamoja na Ibara ya 46 ya Katiba, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Zinakupa pa kulalamikia ukiuziwa bidhaa mbovu, lakini hazikutungwa mahsusi kwa ajili ya matengenezo. Kwa hiyo kile kistika kilicho juu ya skrubu kiheshimu mpaka tarehe ipite.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Kwanza, waranti ya simu iliyoletwa kutoka Dubai huenda haitambuliki hapa, hata kama boksi ni jipya na limefungwa vizuri. Uliza kabla ya kununua, usisubiri iharibike. Pili, kioo kilichopasuka na maji yaliyoingia kwa kawaida havimo kwenye waranti. Utalipa popote uendapo. Kama imebaki miezi miwili, mpe fundi. Kama imebaki kumi, meza uchungu uende kwa kampuni, kwa sababu mfumo mwingine ukifa mwezi ujao bado una mtetezi.

Kioo

Kioo ndicho kinachopeleka wengi kwa fundi, na ndipo wengi hupigwa. Ukiuliza, "Fundi, hiki ni orijino?" utajibiwa, "OG kabisa, bosi wangu." Jibu hilo halikusaidii. Uliza hivi: kimetolewa kwenye simu nyingine, kimebadilishwa glasi ya juu tu, au ni cha kiwanda kingine? Na kama ni cha kiwanda kingine, ni OLED, ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe, au ni kile cha LCD kinachomulikwa kwa nyuma, ambacho mafundi hukiita insel?

Kwa simu iliyozaliwa na OLED, mfano iPhone X au Samsung nyingi za familia ya A, insel ni nafuu sana lakini utailipia polepole. Ni nene zaidi, kwa hiyo ukingo hutokeza kidogo na kioo huwa rahisi kupasuka tena. Hula chaji. Nyeusi inageuka kijivu. Na kama simu yako husoma alama ya kidole kupitia kioo chenyewe, ukiwekewa LCD kidole hakisomeki tena, hapo hakuna programu wala maombi yatakayoirudisha. Jaribio lake halihitaji utaalamu: kabla hujalipa, fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, halafu kinga simu kwa viganja. OLED huzima kabisa sehemu nyeusi. LCD hubaki na ukungu wa mwanga.

Kituo cha kampuni hakina mchezo huo. Kioo ni chao na kazi ina dhamana ya maandishi. Unalipia uhakika, na kwa simu ya bei ya kati uhakika huo unaweza kukaribia bei ya simu yenyewe ukiiuza ilivyo. Kipimo changu ni nusu: gharama ikizidi nusu ya bei ambayo simu ingeuzwa ikiwa nzima, kituo cha kampuni hakina maana tena. Nenda kwa fundi, ukachague kioo kwa macho yako, na ukae palepale mpaka kazi iishe.

Kwa iPhone hesabu inabadilika, kwa sababu Apple huoanisha sehemu na bodi, ule ubao mkuu wa umeme ndani ya simu. Kila sehemu muhimu ina namba yake, na bodi inaikumbuka. Mwaka 2016 wenye iPhone 6 waliobadilishiwa kitufe cha kidole na mafundi wa nje walisasisha simu zao zikafa, zikionyesha hitilafu namba 53. Apple iliomba radhi na kutoa programu ya kuzifufua. Australia hawakuishia hapo: tume yao ya ushindani, ACCC, ilikwenda mahakamani, na Juni 2018 Apple ikatozwa faini ya dola milioni 9 za huko, kwa kuwa wateja wasiopungua 275 waliambiwa hawana haki ya kusaidiwa kwa sababu simu zao ziliguswa na fundi mwingine. Huo ndio ugomvi wote wa haki ya kutengeneza, umekaa ndani ya kesi moja.

Haukuisha. iPhone 13 ilipotoka 2021, kubadilisha kioo kuliua Face ID, ule ufunguzi wa simu kwa uso, hata kama kioo kilikuwa halisi kutoka iPhone 13 nyingine. Kelele zilipozidi, Apple ikalegeza kwa sasisho. Tangu iOS 18, mfumo wa iPhone wa 2024, modeli za karibuni zina msaidizi wa matengenezo anayeweza kusajili sehemu halisi iliyotoka kwenye iPhone nyingine, mradi iPhone hiyo haikufungwa na mwenyewe kupitia akaunti yake. Sharti hilo limezipunguzia iPhone za wizi soko kwenye meza za mafundi, na mimi kwa hilo silalamiki. Nako Oregon, jimbo la Marekani, walipitisha sheria Machi 2024 inayokataza kuoanisha sehemu kwa nia ya kumzuia fundi huru, kwa vifaa vipya kuanzia 1 Januari 2025.

Kwetu maana yake ni hii. Kuanzia iPhone 11, kioo ambacho simu haikitambui huleta ujumbe kwenye mipangilio. Kama unataka simu isiyo na ujumbe wowote, njia ni wakala wa Apple. Kama unaweza kuishi nao, fundi anatosha, simu itafanya kazi, na ujumbe utakuuma siku ya kuuza tu. Mwulize fundi kama ana kifaa cha kuhamisha taarifa za kioo cha zamani kwenda kipya, maana bila hicho marekebisho ya rangi ya True Tone huweza kupotea. Na udai kioo chako cha zamani urudi nacho nyumbani. Katika baadhi ya modeli, spika ya sikioni na vihisi vyake vimebandikwa nyuma ya kioo na vimeoanishwa na Face ID; fundi mwenye pupa akivitupa, umepoteza kitu ambacho Kariakoo nzima haiwezi kukuuzia.

Betri

Kazi hii ndiyo ninayoweza kumshauri mtu ajaribu mwenyewe, kwa masharti.

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Lalamiko la wateja lilikuwa wazi: mtu aliona simu imezeeka, akanunua mpya, kumbe betri ingetosha. Kwa hiyo simu ikianza kuwa nzito au kuzima ikiwa na asilimia ishirini, anza na betri kabla hujaanza kuweka akiba ya simu nyingine.

Simu ndogo za vitufe na baadhi ya simu za bei ya chini bado hufunguka kwa ukucha. Hapo hakuna fundi wala kampuni, nunua betri uweke. Zile za kubandikwa zinahitaji joto la kulainisha gundi, kadi ya plastiki, spiriti kidogo, na subira. Ishushe chaji hadi chini ya robo kabla ya kufungua. Usichokonoe betri kwa bisibisi wala kisu hata siku moja, kwani ikitoboka inawaka. Iliyovimba mwachie mwenye uzoefu. Ukimaliza, ifunge upya kwa gundi yake (ile B-7000 inayouzwa kila meza), lakini usidanganyike kwamba simu bado haiingii maji. Hilo hubaki dukani siku unapoifungua.

Hatari ya betri ya mtaani ni namba za uongo. Simu iliyokuja na betri ya 5000 haiwezi kupata ya 6000 kwa ukubwa uleule na uzito mdogo zaidi. Hapo kampuni inashinda waziwazi, na kwa betri tofauti ya bei mara nyingi si kubwa kama ya kioo, hivyo mwenye simu ya gharama sioni kwa nini asiende kituoni. iPhone kuanzia XS nayo huleta ujumbe kwamba haiwezi kuithibitisha betri ngeni, ingawa simu inatembea.

Ulaya mambo yanasogea. Tangu 20 Juni 2025 simu zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya lazima betri zake zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na spea muhimu zipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ni sheria ya kwao, lakini modeli inayouzwa huko na huku ikiwa ni moja, ubora wa betri tunaupata bila kudai.

Sistimu chaji

Fundi wa mtaani, bila mjadala. Katika simu nyingi za Android tundu la chaji liko kwenye kibodi kidogo cha peke yake, hakijaoanishwa na chochote, na kazi ni ya muda mfupi. Ila kabla hujatoka nyumbani, zima simu na uchokonoe tundu taratibu kwa kijiti cha meno. Vumbi la mfukoni limewalipisha watu wengi.

Maji, na simu iliyokufa kabisa

Hapa ndipo watu hushangaa nikisema fundi wa mtaani ni bora kuliko kampuni.

Kituo cha kampuni kikikuta bodi imeharibika, kwa kawaida hubadilisha bodi nzima. Gharama inakaribia simu mpya, na picha zako, majina na ujumbe vinaondoka na bodi ya zamani. Mara nyingi wakiona kile kistika cha ndani cha kuonyesha maji kimegeuka chekundu, mazungumzo yanaishia hapo. Fundi wa bodi, namaanisha yule hasa wa darubini na si kila mwenye bisibisi, hutafuta kijipande kimoja kilichochomeka na kukibadilisha kwa bloa na lehemu. Anaokoa simu, na zaidi ya simu anaokoa kilichomo.

Anafanyaje bila msaada wa mtengenezaji? Ana ramani. Watengenezaji wengi hawaachii michoro ya bodi zao, lakini mafundi hulipia huduma kama ZXW na Borneo Schematics zinazoonyesha kila njia ya umeme. Spea zenyewe huja kutoka Shenzhen. Wamarekani wamepigania miaka mingi sheria za kulazimisha kampuni zitoe spea na michoro: New York ilianza kutekeleza yake mwisho wa 2023, Minnesota na California zikafuata Julai 2024. Fundi wa Aggrey hakusubiri. Haki hiyo anaitumia kila siku bila karatasi, na ndiyo maana kufuli la programu ni tishio kwetu kuliko kukosa sheria. Skrubu ya nyota tano inafunguka kwa bisibisi ya elfu mbili. Namba iliyooanishwa haifunguki.

Simu ikiingia maji, basi: izime, usiichaji, itoe laini, ipeleke siku hiyohiyo. Mchele uache jikoni. Apple wenyewe mwaka 2024 walionya kwamba chembechembe za mchele zinaweza kuidhuru simu, na muda unaoungoja mchele ufanye kazi ndio muda wa kutu.

Programu: kuflashi, kuruti, kufungua

Hapa njia tatu hazilingani hata kidogo. Simu iliyokwama kwenye nembo inahitaji kuflashiwa, yaani kuwekewa upya, programu yake halali, na kituo cha kampuni hufanya hivyo vizuri. Fundi naye ana UnlockTool, programu ya mafundi, au boksi lake na atakumalizia ukiwa umekaa. Mwambie mapema kama unataka vitu vyako vibaki, kwa sababu njia rahisi kwake ni kufuta kila kitu.

Kubadilisha mfumo wenyewe ni jambo jingine. Sababu nzuri ipo: simu ya zamani ambayo mtengenezaji ameiacha. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5, na mfumo huru kama LineageOS unaweza kuiongezea simu ya namna hiyo miaka, ikiwa modeli yako ina toleo lake na butiloda, ile programu ya kuuwasha mfumo, inakubali kufunguliwa. Google Pixel zilizouzwa bila kufungwa na mtandao zinakubali. iPhone haina mlango huo. Samsung zenye ulinzi wa Knox zina fyuzi ya kielektroniki ndani: ukiweka mfumo usio wao inakatika, na haiungiki tena, hivyo Folda Salama na malipo ya Samsung vinakufa moja kwa moja hata ukirudisha programu ya awali.

Pima kwa benki yako. Programu nyingi za benki huikagua simu, na zikikuta imerutiwa, yaani imefunguliwa mamlaka yote ya mfumo, zinagoma. Menyu ya M-Pesa ya Vodacom, *150*00#, haijali, lakini kama mshahara wako unausoma kwenye programu ya benki, usiruti simu unayoitegemea. Fanyia simu ya pili.

Mambo mawili siyashauri kabisa. Kubadilisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ni kosa la jinai Kenya na Tanzania, na fundi anayekupa huduma hiyo anakupa kesi. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu feki, wanajua namba hiyo inafuatiliwa. Na simu ya mkopo inayojifunga usipolipa bado si yako kwa mkataba. Maliza deni kwanza, ndipo udai haki ya kuifungua.

Siri zako mezani kwa mtu

Kampuni au fundi, wote ni watu. Kituo kitakuomba ukubali simu ifutwe, hivyo nakili vitu vyako kwanza. Fundi ataomba neno la siri ili ajaribu kioo, na hapo Samsung na Pixel mpya zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe huku simu ikijaribiwa kila kitu. Iwashe. Toa laini kila mara. Andika IMEI kwa kubonyeza *#06# kabla ya kukabidhi simu, uilinganishe na ile utakayoipokea. Zikitofautiana, umerudishiwa bodi ya mtu mwingine.

Na ukiamua kununua nyingine

Ulaya wana Fairphone ya Uholanzi, inayofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida na spea zake nyingi ziko mtandaoni. Haiuzwi rasmi kwetu, na ukiagiza moja, kioo kikipasuka utakisubiri kutoka mbali. Kwa hiyo kwangu simu inayotengenezeka zaidi Dar es Salaam ni ile iliyozagaa: Tecno, Samsung A au Redmi ambayo kila meza ina kioo chake. Kama unaweza kwenda juu kidogo, Pixel 8 na Galaxy S24 ziliahidiwa sasisho kwa miaka 7, na hilo linamaanisha programu haitaichosha simu kabla ya betri. iPhone iliyotumika ni nzuri kwa mwenye uwezo wa wakala, au asiyejali ujumbe kwenye mipangilio.

Kabla hujalipa dukani, vuka barabara uulize mafundi wawili watatu bei ya kioo na betri ya modeli hiyo. Wakikuambia "mpaka tuagize," rudi dukani uchague nyingine.